Tenwek: Kutoka Zahanati ya Wauguzi Hadi Upasuaji wa Moyo

Mazungumzo kwa wakazi wa Kapsoit kuhusu historia ya hospitali ya kimisheni na funzo lake kwa familia



Mgonjwa wa Kapsoit akiambiwa aende Tenwek, safari yake inajulikana. Anapanda matatu hadi mjini Kericho, anapita Litein na Kaplong hadi Bomet. Wengi wamepeleka mtu huko. Wachache wanajua hospitali hiyo ilivyoanza, na historia yake ina funzo kwa kila boma.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mmisionari Mmarekani Willis Hotchkiss alifungua kituo cha misheni huko Lumbwa, ambako leo kunaitwa Kipkelion. Kazi hiyo ilienea hadi Tenwek, na katika miaka ya 1930 shirika la World Gospel Mission likaichukua. Huduma ya matibabu ya Tenwek huhesabiwa kuanzia mwaka 1937. Haikuwa na daktari. Ilikuwa zahanati ya wauguzi waliofunga vidonda, waliozalisha akina mama na kutoa dawa walizokuwa nazo. Aliyehitaji upasuaji ilibidi asafirishwe mbali, na barabara za wakati huo kila mtu anaweza kuzikisia.

Daktari wa kwanza, Ernest Steury, alifika mwaka 1959. Kwa miaka mingi ya mwanzo alikuwa daktari peke yake. Mwanamke aliyeshindwa kujifungua, mtu aliyevunjika mfupa, mtoto mwenye malaria, wote walimngoja yeye. Hospitali yenye daktari mmoja ina hatari yake: akiugua au akisafiri, milango ni kama imefungwa.

Kwa hiyo Tenwek ikajenga mambo mawili. La kwanza ni umeme. Hospitali iliyotegemea jenereta haiwezi kuwa na uhakika wa taa usiku kucha katika chumba cha upasuaji. Karibu na hospitali kuna maporomoko ya mto Nyangores, unaomwaga maji yake katika mto Mara. Katika miaka ya 1980 mtambo wa umeme ulijengwa hapo, na maji yaliyokuwa yakipita bure yakaanza kuwasha mashine za hospitali.

La pili, na kubwa zaidi, ni mafunzo. Chuo cha uuguzi kilianzishwa katika miaka ya 1980 hiyo hiyo. Mwaka 2008 Tenwek ilianza kuwafunza madaktari kuwa wapasuaji, kupitia mpango wa PAACS unaofundisha wapasuaji katika hospitali za kimisheni barani Afrika. Leo ni hospitali ya rufaa chini ya kanisa la Africa Gospel Church. Wapasuaji waliofunzwa huko ni Wakenya na Waafrika wa nchi nyingine, na wagonjwa hawamtegemei tena daktari mmoja aliyetoka ng'ambo.

Kuna magonjwa mawili yaliyoipa Tenwek jina, na yote mawili yamo katika maboma yetu.

Ugonjwa wa kwanza ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Eneo hili la Bonde la Ufa lina wagonjwa wengi wa saratani hii, na madaktari wa Tenwek wameandika kuhusu vijana, hata walio chini ya miaka 30, wanaoipata. Wengi hufika wakiwa hawawezi kumeza hata uji. Hapo mara nyingi kinachobaki ni kuwekewa kijibomba cha chuma kinachofungua njia, ili mgonjwa aweze kula. Chanzo chake bado kinachunguzwa. Lakini mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilisema kuwa kinywaji chenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda kinasababisha saratani hii. Watafiti wamechunguza pia mursik. Pombe na tumbaku zinajulikana kuongeza hatari. Nchi ya majani chai haiwezi kuambiwa iache chai. Inaweza kuiacha ipoe kidogo kikombeni. Na mtu anayehisi chakula kikikwama asingoje miezi, aende apimwe.

Ugonjwa wa pili ni wa moyo, na huwapata watoto. Unaanza na koo linalouma kwa sababu ya bakteria. Lisipotibiwa, mwili wa baadhi ya watoto hushambulia viungo na vali za moyo. Miaka michache baadaye mtoto huyo anahema akipanda kilima, na vali yake inahitaji kurekebishwa au kubadilishwa. Zamani upasuaji huo ulimaanisha Nairobi au nchi za nje. Tenwek, kwanza kwa timu za wageni na kwa kazi ya miaka mingi ya Dkt. Russell White, imeufanya upatikane Bomet. Hata hivyo, ugonjwa ulioanza na koo huzuiwa kwa dawa ya bei ndogo katika zahanati iliyo karibu.

Jambo la mwisho ni pesa. Hospitali isiyotafuta faida si hospitali ya bure. Mishahara, dawa na oksijeni hulipiwa, na familia imeuza ng'ombe kwa sababu ya bili. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, mkulima na mfanyabiashara hukadiriwa, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Aliyejisajili hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma, lakini rufaa ya hospitali kubwa inahitaji michango iwe imelipwa. Usajili ni kwa kubonyeza *147# au kupitia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji.

Tenwek ilichukua zaidi ya miaka 70 kufika kwenye upasuaji wa moyo. Mtoto wa Kapsoit mwenye koo linalouma asichukue hata wiki moja kufika zahanati.