Bolivia na Chile: Biashara Bila Ubalozi



Katika Amerika ya Kusini ziko nchi mbili jirani zinazosema lugha moja ya Kispaniola, zilizojitoa katika zama moja kutoka mikononi mwa mtawala mmoja, na ambazo hufanya biashara mchana na usiku. Malori ya Bolivia huteremka kutoka nyanda za juu za milima ya Andes hadi bandari ya Arica iliyoko Chile, hupakua mizigo na kupakia mingine. Lakini tarehe 17 Machi, 1978, nchi hizo zilivunja uhusiano wa kibalozi, na kwa zaidi ya miaka arobaini iliyofuata kila moja iliwakilishwa katika mji mkuu wa mwenzake na balozi mdogo tu. Inakuwaje majirani wauziane bidhaa miaka yote hiyo, lakini wasipelekeane mabalozi? Jibu la swali hilo lina mafunzo kwa kila mtu ambaye kazi yake ni kuandika barua za serikali, kuzihifadhi, au kuwafundisha vijana maana ya mkataba.

Chanzo cha mfarakano huo ni bahari. Bolivia ilipopata uhuru mwaka 1825 ilikuwa na pwani yake katika Bahari ya Pasifiki, kwenye jangwa la Atacama. Jangwa hilo lilikuwa na utajiri mkubwa wa shura, madini yaliyotumika kutengenezea mbolea na baruti. Waliokuwa wakiichimba hawakuwa Wabolivia, bali kampuni ya Wachile iliyokuwa pia na mtaji wa Waingereza. Katika mkataba wa mwaka 1874 Bolivia iliahidi kwamba kwa muda wa miaka 25 haitawaongezea kodi Wachile waliokuwa wakifanya kazi huko. Hata hivyo, mwaka 1878 ilitoza kodi ya senti kumi kwa kila kwintali ya shura. Kampuni ilikataa kulipa, na serikali ya Bolivia ikaamuru mali yake ipigwe mnada. Tarehe 14 Februari, 1879, siku ile ile iliyopangiwa mnada, askari wa Chile walitua katika mji wa Antofagasta. Peru, iliyokuwa imefunga mkataba wa siri na Bolivia tangu mwaka 1873, nayo ikaingia vitani.

Mapigano yalipokoma mwaka 1884, Bolivia ilikuwa imepoteza pwani yake yote, yapata kilomita 400, pamoja na ardhi ya Calama ambako baadaye ulichimbwa mgodi mkubwa wa shaba wa Chuquicamata. Peru nayo ilipoteza sehemu ya kusini ya nchi yake. Tangu hapo Bolivia imekuwa nchi isiyopakana na bahari. Kila tarehe 23 Machi wananchi wake huadhimisha Siku ya Bahari, na jeshi lake la majini hufanya mazoezi katika ziwa Titicaca.

Miaka ishirini baada ya vita, tarehe 20 Oktoba, 1904, nchi hizo zilitia sahihi Mkataba wa Amani na Urafiki. Kwa mkataba huo Bolivia ilikubali kwamba pwani ile ni mali ya Chile moja kwa moja. Chile, kwa upande wake, iliahidi kujenga reli kutoka Arica hadi La Paz, kulipa paundi 300,000 za Kiingereza, na kuipa Bolivia haki ya milele ya kupitisha bidhaa zake katika ardhi na bandari za Chile. Bolivia iliruhusiwa pia kuweka maofisa wake wa forodha katika bandari hizo. Reli ilijengwa kweli, ikapanda milima yenye kimo cha zaidi ya mita 4,000, na ikafunguliwa mwaka 1913.

Hapa ndipo penye kiini cha mgogoro, na yafaa hoja za pande zote mbili zisikilizwe kwa haki. Bolivia husema kwamba haki ya kupita si sawa na kuwa na mlango wako mwenyewe. Mpangaji, hata akipewa hati ya kukaa milele, hubaki mpangaji. Ada za bandari hupangwa na wengine, na wafanyakazi wa forodha wa Chile wakigoma malori ya Bolivia husimama. Chile hujibu kwamba mkataba wa 1904 haukutiwa sahihi siku ya kushindwa vita, bali miaka ishirini baadaye, na kwamba mataifa yakianza kuifumua mipaka iliyokwisha kukubaliwa hakuna bara litakalokuwa na amani. Hoja hii ya pili Waafrika wanaielewa vema, kwa kuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikata shauri huko Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru.

Lakini Chile yenyewe haikukaa kimya juu ya jambo hilo. Mara kadhaa viongozi wake walionyesha kuwa wako tayari kuzungumza. Mwezi Juni, 1950, serikali hizo mbili zilipelekeana nyaraka. Katika waraka wake Chile ilisema iko tayari kuingia katika mazungumzo ya kutafuta njia ya kuipatia Bolivia mlango wake yenyewe wa baharini, na Chile ipewe fidia isiyokuwa ya ardhi. Mazungumzo hayo hayakuzaa tunda. Mwaka 1962 uhusiano ulivunjika kwa ugomvi wa maji ya mto Lauca.

Tarehe 8 Februari, 1975, watawala wa kijeshi wa nchi hizo, Hugo Banzer wa Bolivia na Augusto Pinochet wa Chile, walikutana Charaña mpakani, wakakumbatiana, na uhusiano ukarudishwa. Chile ilipendekeza kuipa Bolivia ukanda mwembamba wa ardhi kaskazini ya Arica, mradi Bolivia nayo itoe ardhi ya ukubwa huo huo. Lakini ukanda huo ulikuwa zamani mali ya Peru. Mkataba wa mwaka 1929 baina ya Chile na Peru ulikuwa umeweka sharti kwamba hakuna kati yao atakayeipa nchi ya tatu ardhi hiyo bila idhini ya mwenzake. Peru ilipoulizwa mwaka 1976 ilitoa pendekezo lake, kwamba liwepo eneo litakalotawaliwa na nchi zote tatu kwa pamoja. Chile ikakataa, mazungumzo yakakwama, na mwaka 1978 Bolivia ikavunja tena uhusiano.

Biashara haikufa kwa kukosa mabalozi. Mwaka 1993 nchi hizo zilifunga mapatano ya kupunguziana ushuru. Hata hivyo, kuna biashara inayoweza kwenda kwa makaratasi ya forodha peke yake, na kuna biashara isiyowezekana bila ya kuaminiana. Mfano wake ni gesi. Bolivia ina gesi ya asili; kaskazini ya Chile ina migodi yenye haja kubwa ya nishati. Ilipofika mwaka 2003, serikali ya Bolivia ilifikiria kuuza gesi ng'ambo kwa kupitia bandari ya Chile. Wananchi walighadhibika, maandamano yalienea, watu zaidi ya 60 walipoteza maisha, na Rais Gonzalo Sánchez de Lozada alijiuzulu tarehe 17 Oktoba. Hasira hiyo ilikuwa na sababu nyingi, zikiwemo umaskini na shaka ya wananchi kwamba mali yao inatolewa bure kwa makampuni ya kigeni; lakini jina la Chile lilikuwa kama mafuta ya taa juu ya moto. Mwaka uliofuata Bolivia ilikubali kuiuzia gesi Argentina kwa sharti kwamba hata chembe moja isifike Chile.

Matokeo yake ni ya kusikitisha. Mwaka 2010 Chile ilianza kupokea gesi iliyoletwa kwa meli katika bandari ya Mejillones, ambayo zamani ilikuwa katika pwani ya Bolivia. Mwenye gesi hakumuuzia jirani yake, na mwenye haja ya gesi aliitafuta ng'ambo ya bahari. Hiyo ndiyo gharama ya uhasama, nayo haikumwacha mshindi wa vita wala aliyeshindwa.

Mwaka 2013 Bolivia iliipeleka Chile mbele ya Mahakama ya Kimataifa huko Hague. Haikuomba mkataba wa 1904 ufutwe. Iliomba mahakama itamke kwamba Chile, kwa maneno na nyaraka zake za miaka mingi, imejifunga kisheria kuzungumza hadi Bolivia ipate mlango wa bahari. Kwa Kiswahili hoja hiyo ni fupi: ahadi ni deni. Tarehe 1 Oktoba, 2018, mahakimu 12 dhidi ya 3 waliikataa. Walizipima nyaraka za 1950 wakaona kwamba waraka wa Bolivia na ule wa Chile havikusema maneno yale yale wala havikuwa na msimamo mmoja. Kwa hiyo hayakuwa mapatano. Walilipima tamko la Charaña wakaona ni la kisiasa. Kusema uko tayari kuzungumza, walieleza, si sawa na kujifunga kuzungumza. Lakini waliongeza kwamba hukumu yao isichukuliwe kuwa inazizuia nchi hizo kuendelea na mazungumzo kwa moyo wa ujirani mwema.

Watumishi wa umma na walimu wanayo mambo mawili ya kuchukua katika habari hii. La kwanza ni uzito wa neno lililoandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa taifa zima limeshuhudia kwamba matumaini bila mapatano yaliyoandikwa kwa maneno mamoja hayasimami mahakamani. Ofisa anayeandaa jibu la barua ya kigeni, akaacha neno moja la mwenzake bila kulikubali wala kulikataa, huenda anaamua shauri litakalosikilizwa baada ya miaka sitini.

La pili ni kwamba sheria ina mpaka wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, wa mwaka 1982, unazipa nchi zisizo na pwani haki ya kuifikia bahari na kupitisha mizigo yao katika nchi za jirani. Haki hiyo ni muhimu, nayo yafaa ilindwe. Lakini mkataba waweza kulifungua lango la bandari, usiweze kuufungua moyo wa anayepita langoni. Mwaka 2022 mahakama ile ile ilipotoa hukumu juu ya maji ya Silala, ilikuta kwamba sehemu kubwa ya ugomvi imekwisha malizika, kwa kuwa wakati wa kesi pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kukubaliana kuwa Silala ni mto wa nchi zote mbili. Kumbe waliokuwa hawasemezani waliweza kukubaliana walipolazimika kusomana hoja kwa makini.

Jirani hachaguliwi, wala hahamishiki. Milima ya Andes haitaondoka, wala Arica haitasogea. Kazi iliyobaki kwa Bolivia na Chile ni kazi ambayo jeshi haliwezi kuifanya, na mahakama imekwisha kusema kuwa si yake: kukaa chini, kusema jambo moja kwa maneno mamoja, na kuliandika.