Exetat na Watahiniwa Wenye Ulemavu

Tangu 1967 njia ya kwenda chuo kikuu katika nchi yetu, Kongo (DRC), hupitia Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Bila asilimia 50, hakuna diploma. Sasa tumfikirie kijana wa Baraka au Fizi asiyeona vizuri, au aliyepoteza mkono katika vita. Anapewa karatasi ileile, herufi ndogo zilezile, saa zilezile. Asiyesikia naye hukosa maelekezo yanayotolewa kwa mdomo, na hapo anapoteza alama ambazo alikuwa nazo kichwani.

Huo si usawa. Mtihani unapaswa kupima alichojifunza mtoto, si kasi ya macho wala vidole vyake.

Wengine watasema tunaomba upendeleo. Hapana. Maswali yabaki yaleyale na alama za kufaulu zilezile; kinachobadilika ni muda na namna ya kufanyia mtihani. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Tanzania, mtahiniwa asiyeona huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika hesabu na dakika 10 katika masomo mengine, na hakuna anayedharau cheti chake.

Kwetu, ibara ya 49 ya Katiba inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imekuja kuitia nguvu. Kilichobaki ni kazi ya ofisini.

Wazazi, msimfiche mtoto: semeni mahitaji yake siku ya kuandikishwa. Nanyi wakuu wa shule na wainspekta, yaandikeni mapema, kabla bahasha za mtihani hazijafika kituoni.