Mzuka wa Unga na Macho ya Bibi

Leo tuzungumze habari za mizuka. Hakuna haja ya kufunga madirisha, maana mizuka ninayoisema imepakwa unga usoni na damu yake ni rangi ya kupikia.

Nasema filamu za kutisha na kuchekesha zinazotengenezwa nyumbani, kwa kamera ya kuazima na waigizaji wanaolipwa soda. Wapo wanaozibeza wakisema hizo si filamu. Mimi sikubaliani nao. Huko Uingereza, Marc Price alitengeneza filamu ya maiti anayetembea, Colin, mwaka 2008, na gharama iliyotajwa ilikuwa pauni 45 tu. Jirani yetu Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha zisizofika dola 200, na dunia ikacheka pamoja naye. Hapa Tanzania, Mussa Banzi alitutisha kwa Nsyuka, na mwaka 2005 kwa jini Shumileta. Mkono mtupu haukuwazuia.

Tena filamu ya namna hiyo ina faida yake. Mtoto wa Robanda au Mugumu akiona shuka la mzuka limenasa kwenye msumari, anacheka. Akishacheka, hofu imevunjika. Amejifunza kuwa nyuma ya kioja yupo mtu aliyekipanga.

Lakini, ndugu wasikilizaji, kuna mahali kicheko hukatika. Hadithi inapohitaji mchawi, anatafutwa nani? Ni bibi kizee, mjane, macho mekundu, amejikunyata kando ya chungu. Mganga anamtaja, kijiji kinamvamia, na watazamaji wanashangilia.

Hapo damu si rangi tena. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi kavu katika kuwapikia wana na wajukuu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kuwa mwaka 2013 watu 765 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake. Na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba, kuna urithi, kuna ng'ombe. Wahenga walisema: adhaniwaye ndiye, kumbe siye.

Sasa vijana wa Ikoma, Nata na Isenye, ambao siku hizi simu ya mfukoni imekuwa kamera yenu, nawapa hadithi bila malipo. Mzuka unatokea usiku. Kijiji kinamshuku bibi. Bibi hakimbii. Anachukua mwiko, anavua lile shuka, na chini yake yupo mpwa wake anayelitaka shamba. Mnahitaji shuka moja, mwiko mmoja na unga kidogo. Watu watatishika, kisha watacheka, na wakirudi nyumbani watamwamkia bibi yao kwa heshima.

Msiseme ni mchezo tu. Mwigizaji akimaliza kazi hunawa uso, na unga hutoka. Jina la mchawi, likishabandikwa kwa mama wa watu, halitoki kwa maji.