Barafu ya pamba

Jumamosi iliyopita mpwa wangu, msichana wa kidato cha tatu hapa Moshi, alinijia na wenzake wawili wakiwa wamebeba mlima wa karatasi. Juu ya Kibo walikuwa wamebandika pamba. Wanajiandaa kwa maonyesho ya sayansi, na mradi wao ni mabadiliko ya tabianchi: pamba inanyofolewa kidogo kidogo, na chini mfongo wa babu unakauka.

Nikawapa chai kwanza. Kisha nikauliza: mmepima nini?

Kimya.

Kwamba barafu inapungua halina ubishi. Mwaka 1912 ilifunika kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 hazikufika mbili. Watafiti walioichimba mwaka 2000 walikisia ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Bado ipo, japo ni vipande. Lakini maji ya ule mfereji wa Kichagga kule Old Moshi hayatoki kileleni, au yanatoka kidogo mno. Kibo ni jangwa la baridi. Mvua kubwa ya upande wa kusini hunyesha msituni, kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, na miti ya juu zaidi hunasa maji ya ukungu. Moto kama ule wa Oktoba 2020 ukiteketeza mimea hiyo, ukungu hupita tu. Na sisi wenyewe tumeongezeka, kila mmoja na bomba lake.

Basi tukapanga upya. Chupa tatu zilizokatwa shingo: moja mjini, moja kwa babu, moja karibu na msitu. Kila saa moja asubuhi, rula. (Kitako cha chupa kina mabonde, nilisahau, akanikumbusha mwenzake mmoja. Watatia kokoto na maji hadi alama ya sifuri.) Pale mfongo unapoingia shambani, ndoo ya lita 20 na saa.

Nikawaonya: wastani wa tabianchi huhesabiwa kwa miaka 30, wao wana wiki kumi. Hawatathibitisha mabadiliko ya tabianchi. Wataonyesha tu mvua inavyotofautiana kati ya mjini na msituni, na kama mfongo unaifuata mvua hiyo.

Mpwa wangu hakufurahi. "Sasa mjomba, majaji waje kutazama ndoo?"

Sikuwa na jibu zuri. Jana jioni alipita kuazima saa yangu ya mkononi. Pamba hajaibandua.