Nywele Ngumu: Msusi, Mkono na Kivumishi



Kitenzi suka hutumika kwa ukili, kwa kamba, kwa nywele, hata kwa njama. Lakini tajeni msusi bila maelezo, na msikilizaji wa Dar es Salaam ataona kwanza mtu aliyeshika kichwa cha mwenzake.

Kwa miaka mingi, katika saluni moja, niliambiwa kwamba nywele zangu ni ngumu. Niliambiwa kwa upole, kama aambiwavyo mgonjwa, kisha nikatiwa dawa. Ndiyo, dawa! Tiba ikishatajwa, ugonjwa huwa umekwisha kukubaliwa. Sikuwahi kuuliza: ngumu kwa nani?

Aliyenijibu bila kuulizwa ni mama mmoja wa Kariakoo. Aliniketisha mkekani, akapitisha vidole kichwani pangu kimya, kisha akasema, "Mwanangu, hizi si ngumu. Zina kiu." Akaweka kando kitana, akatwaa maji, mafuta ya nazi na chanuo, akaanza kuchana nchani akielekea shinani.

Tazameni alichokitengua. Ngumu hujifanya sifa ya nywele, ilhali hueleza uhusiano wa nywele na kitana chenye meno yaliyobanana. Kiu huzipa nywele haja, na haja humtaka msusi atende jambo.

Kipilipili na singa ni maneno ya jicho. Ya vidole tumeyakusanya machache mno. Siku hizi narudi kwake na daftari. Yeye hucheka, akaniambia niinamishe kichwa.