Takataka ya Nyumba: Ile Inayolisha na Ile Inayoua



Leo, mbele ya kupima watoto, tutasema juu ya takataka. Labda mmoja atasema: «Takataka ni ya kutupa tu, tutajifunza nini?» Kumbe, ndani ya takataka yako kuna chakula cha mtoto, na kuna hatari ya kifo pia. Mama mwenye akili anazitenganisha.

1. Vitu vyenye kuoza

Maganda ya mihogo na ya ndizi, makapi ya maharagi, nyasi, majani, mavi ya mbuzi na ya kuku: vyote vinaweza kuwa mboleo. Ukivitupa nyuma ya nyumba, nzi wanataga mayai humo, kisha wanakaa juu ya chakula, na mtoto anaharisha.

Fanya hivi. Chimba shimo lenye kina cha kufika magoti, pahali penye kivuli, mbali na kisima. Tia majani makavu, kisha maganda na nyasi mbichi, kisha mavi ya mbuzi, kisha udongo kidogo. Rudia hivi mpaka lijae. Nyunyiza maji, lakini isiwe matope. Simika kijiti katikati, funika na majani ya migomba. Kisha siku chache, chomoa kijiti na ukiguse. Kikiwa na moto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, geuza na kuongeza maji. Geuza tena kila majuma 3. Kwa miezi 3 ama 4 mboleo itakuwa nyeusi, yenye harufu ya udongo wa pori.

Usitie humo mavi ya watu, hata ya mtoto mchanga. Hayo ni ya choo. Usitie nyama, mifupa, nailoni wala mabatri.

Weka mboleo katika shamba la lenga-lenga karibu na nyumba. Mtoto aliyeanza kula, umpondee lenga-lenga iliyoiva pamoja na maharagi na mafuta ya mawese kidogo. Mboga inalinda macho, maharagi yanajenga mwili.

2. Makopo na matairi

Maji ya mvua yakikaa ndani ya kopo, mbu wanazaliwa humo kwa siku 7 mpaka 10 hivi. Mbu mwenye kuzaa katika makopo anauma muchana, na ndiye anayeeneza homa ya manjano. Mwaka wa 2016 ugonjwa huo ulitoka Angola na kuingia kwetu Congo. Basi, kopo zuri ulitoboe chini, ulijaze udongo na mboleo, upande mbegu. Bovu, lizike.

3. Chupa na bidoni

Hapa angalia sana, mama. Chupa safi ya maji inafaa tena. Ile ya litre 1 ni kipimo kizuri cha maji ya mtoto mwenye kuharisha, kama huna kipakiti cha dawa: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya kujaa juu.

Lakini usitie petroli ya taa katika chupa ya limonadi. Mtoto hajui kusoma. Anajua chupa ya limonadi ni tamu. Akikunywa petroli, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta: akitapika, petroli inaingia katika mapafu. Mlete ku hospitali palepale, na chupa uilete.

Na bidoni ya dawa ya kuua wadudu wa shamba, usiitumie tena hata kidogo, wala kwa maji, wala kwa mawese. Kuiosha hakuondoi sumu yote. Itoboe ili mwingine asiiokote.

Maulizo

1. Ni vitu gani havipaswi kuingia katika shimo la mboleo?
2. Mtoto akikunywa petroli, utafanya nini?
3. Nyumbani kwako, petroli inakaa ndani ya chupa gani? Leo ukifika, angalia.