Kazi za Kiofisi kati ya Daktari wa Familia na Hospitali: Nani Azimalize?



Nitazungumzia Uingereza, hasa England, kwa kuwa huko suala hili limeandikwa mkatabani na matokeo yake yanaonekana.

Mtu hujiandikisha kwa daktari wa familia karibu na anapoishi. Kumbukumbu zake za matibabu hukaa hapo, na kwa kawaida hamfikii daktari bingwa bila barua ya rufaa kutoka hapo, ukiacha dharura. Huduma ya taifa ya afya, NHS, ilianza Julai 5, 1948, na utaratibu huu umewapa wananchi daktari anayewajua. Lakini umezaa mazoea mabaya: kazi ikikosa mwenyewe, hutupiwa daktari wa familia. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji huambiwa akaombe cheti cha mapumziko kwa daktari wake. Aliyetolewa damu hospitalini huambiwa akaulizie majibu kwa daktari huyo huyo. Basi anapanga miadi ya pili, na daktari anayemkuta hana hata karatasi ya kilichofanyika.

Msimamo wangu ni kwamba aliyefanya uamuzi wa kitabibu amalize na kazi ya kiofisi inayotokana nao. Aliyeagiza kipimo ayasome majibu, achukue hatua, amjulishe mgonjwa.

Tangu 2016 NHS imekuwa ikiingiza masharti ya namna hii katika mkataba wake na hospitali. Muhtasari wa mgonjwa aliyeruhusiwa umfikie daktari wa familia ndani ya saa 24. Tangu Aprili 2018, barua ya kliniki inayomtaka achukue hatua itumwe ndani ya siku 7. Bingwa akiona tatizo lile lile linahitaji bingwa mwingine, ampeleke mgonjwa moja kwa moja. Aliyekosa miadi asifutwe tu bila kuangaliwa hali yake. Hata hivyo, mpango wa serikali wa Mei 2023 wa kurahisisha upatikanaji wa madaktari wa familia ulilazimika kuyasisitiza mengi ya hayo upya. Sharti lisilo na mtu wa kulifuatilia ndani ya hospitali hubaki karatasini.

Eneo gumu kuliko yote ni dawa. Tuchukue mgonjwa wa baridi yabisi anayeanzishiwa methotreksati. Dawa hii hunywewa mara moja kwa wiki. Akiinywa kila siku kwa makosa, inaweza kumuua. Inahitaji vipimo vya damu, ini na figo kwa ratiba. Bingwa huianzisha, hali ikitulia humwomba daktari wa familia aendelee kuiandika, kwa makubaliano ya maandishi ya matibabu ya pamoja. Anayetia saini cheti cha dawa ndiye anayewajibika kwa dawa hiyo, kwa hiyo daktari wa familia ana haki ya kukataa. Makubaliano yaseme wazi nani anapima, nani anasoma majibu, na nani anapigiwa simu chembe nyeupe za damu zikishuka. Barua yenye maneno “tafadhali endelea na dawa” haitoshi, na naiona ni hatari kwa mgonjwa.

Wajibu uko pande zote mbili. Barua ya rufaa isiyotaja dawa anazotumia mgonjwa wala swali linaloulizwa humpotezea bingwa muda vile vile. Na si kila karatasi inahitaji daktari: tangu Julai 2022, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa tiba ya viungo nao wanaruhusiwa kutia saini vyeti vya mapumziko.

Katika vikundi vya mchana naomba tuanze na jambo ambalo mpango wa 2023 nao uliligusa: kila idara ya hospitali iwe na namba moja ya simu na anwani moja ya barua pepe kwa ajili ya madaktari wa familia, na mhudumu anayejulikana wa kujibu siku hiyo hiyo.